Ukanda Mwembamba wa Mwisho

Usiku huu ninayawaza maneno ambayo kila mwanafunzi wa kalkulasi huyakariri: integresheni ni kinyume cha difarensiesheni. Sawa, lakini kwa nini? Difarensiesheni hutafuta mteremko wa grafu, integresheni eneo lililo chini yake. Kwa macho, mambo hayo mawili hayana undugu wowote.

Chukua tangi tupu linalojazwa na bomba ambalo koki yake inafunguliwa taratibu: dakika ya t ikifika, maji yanaingia kwa kasi ya lita 6t kwa dakika. Grafu ya kasi hiyo ni mstari mnyoofu unaopanda kutoka sifuri. Eneo la chini yake hadi dakika ya t ni pembetatu yenye kitako t na kimo 6t, yaani 3t². Hizo ndizo lita zilizomo. Dakika 2 zikitimia, ni lita 12.

Ongeza dakika 0.1 tu. 3 × 2.1² ni 13.23, kwa hiyo zimeingia lita 1.23. Kwenye grafu, huo ni ukanda mwembamba uliobandikwa mwishoni, upana wake 0.1, kimo chake 12 na ushei. Gawa 1.23 kwa 0.1, upate 12.3. Upana ukiwa 0.01 unapata 12.03, ukiwa 0.001, 12.003. Inaikaribia 12, kasi ya bomba wakati huohuo! Ile ziada inatoka kwenye kijipembetatu kilichokaa kichwani mwa ukanda, nacho husinyaa haraka kuliko ukanda wenyewe. Basi eneo hukua kwa kasi iliyo sawa na kimo cha grafu pale lilipofikia. Undugu wote umo humo.

Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, aliuweka wazi hata katika alama zake za mwaka 1675: ∫ ni herufi S iliyorefushwa, ya summa (jumla kwa Kilatini), na d ni ya differentia (tofauti). Kujumlisha na kutoa, basi.

Wanapoteleza wengi ni kwenye konstanti, ile namba isiyobadilika C inayoongezwa mwishoni mwa jibu. 3t² na 3t² + 50 zote zina mteremko 6t, kwa sababu kasi ya bomba haijui kama tangi lilikuwa na lita 50 tangu mwanzo. Ukisahau + C, umeyamwaga maji hayo.

Kosa baya zaidi ni kutumia kanuni bila kuitazama grafu. Integresheni ya 1/x² kutoka −1 hadi 1, ukiikokotoa kwa −1/x (ambayo mteremko wake ni 1/x²), thamani ya mwisho ukitoa ya mwanzo, inakupa −2. Eneo hasi, na grafu yote iko juu ya mhimili! Pale x = 0 grafu inapaa bila kikomo, na kanuni inadai isiwe na pengo popote njiani.

Jibu lako lolote la integresheni lifanyie difarensiesheni; usiporudi ulikoanzia, umekosea. Ukaguzi huo ni wa dakika moja, ila safari ya kwenda haina uhakika huo. Mteremko wa e^(−x²), ambapo e ni namba ya karibu 2.718, ni mstari mmoja wa kazi: −2x·e^(−x²). Eneo la chini ya grafu ya e^(−x²) lipo, na linakua vizuri kabisa, lakini hakuna fomula ya kulieleza kwa funksheni za kawaida. Wanahisabati wameipa jina tu funksheni iliyojengwa juu ya eneo hilo, erf, na thamani zake husomwa kwenye jedwali au kompyuta.