Nilivyotaka kuchimba dawa Mikumi, kumbe ni IBS (utumbo wenye kisirani)

Miaka minne nimekuwa mteja wa typhoid. Kila nikienda maabara ya mtaani hapa Mbagala natoka na karatasi ileile, typhoid na UTI, siku nyingine amiba ya nyongeza. Nameza Flagyl mpaka mdomo unakuwa na ladha ya sarafu, wiki mbili natulia, halafu kitu kinarudi, tumbo limejaa gesi, linakata upande wa kushoto, nikishatoka chooni linapoa. Siku tatu naharisha, siku nne choo hakuna kabisa. Hela niliyoacha huko ningeshanunua pikipiki, au tuseme tairi zake.

Mjomba naye akaja na yake. "Anko, wewe umejaa sumu, safisha tumbo." Kanipa chupa ya kitu cheusi, kichungu, nusu glasi usiku. Mimi kwa akili zangu nikapiga glasi nzima, maana kesho yake nakwenda Iringa msibani, nikasema nifike mwepesi. Mpaka Morogoro kimya, nikala na chipsi. Sasa tunaingia Mikumi, ile barabara mnaijua, kilometa kama 50 ndani ya hifadhi na kushuka hairuhusiwi, hapo ndo tumbo likaita. Nikamfuata konda, kaka naomba nichimbe dawa. Akaniangalia, "Utachimba na hao?" Tembo kama sita hivi, pembeni ya lami. Nikarudi kwenye siti nikashika chuma cha siti ya mbele kwa mikono miwili, jasho linatiririka, mama wa pembeni kanipa ndimu ninuse, kisha akaanza kusali kwa sauti, na watu wa nyuma wakawa wanaitikia amina bila kujua wanaombea nini. Tulipotoka hifadhini nilishuka basi halijasimama vizuri. Suruali ilinusurika, heshima hapana.

Ndo nikaenda kwa daktari bingwa wa tumbo. Huyu hakukimbilia kuandika dawa, aliuliza ilianza lini. Nikakumbuka, baada ya kuharisha wiki nzima 2019. Akasema kama mtu mmoja kati ya kumi wanaopata maambukizi ya tumbo, wadudu wanaisha ila utumbo unabaki na kisirani. Akauliza damu kwenye choo, kukonda, kuamka usiku kwa maumivu, saratani ya utumbo kwenye familia, zote hapana (ungekuwa na hata moja usikae unasoma hapa, nenda). Vipimo vikatoka safi. Akasema hiyo ni IBS, yaani utumbo unauma na choo kinavurugika, lakini vipimo havioni ugonjwa.

Nilidhani niko peke yangu. Kumbe utafiti wa nchi 33 uliotoka 2021, kwa vigezo vikali vya Roma IV (orodha ya dalili ambayo madaktari wanaitumia kuitambua IBS) waliojibu mtandaoni walikutwa nayo asilimia 4 hivi, kwa vigezo vya zamani vya Roma III ilikuwa kama asilimia 10, yaani ukibadilisha kipimo tu wagonjwa wanapungua zaidi ya nusu. Wanawake wanaipata zaidi ya wanaume, walio chini ya miaka 50 zaidi ya wazee, na wenye wasiwasi na msongo. Hapo kwenye msongo nikabisha, dokta ina maana najiwazia tu? Akasema hapana, maumivu ni ya kweli, ila utumbo na ubongo wanapigiana simu muda wote. Nikakaa kimya, maana mwisho wa mwezi tukifunga mahesabu tumbo langu linaripoti kazini kabla ya bosi.

Basi nikaanza daftari, nimekula nini na tumbo limesemaje. Nilikuwa na uhakika ni pilipili, nikaiacha mwezi mzima, maisha yakakosa ladha na tumbo vilevile. Kumbe kitunguu! Kachumbari ndo adui, na maharage ya usiku, na chai ya maziwa. Ondoa kimoja kimoja, ukiondoa vyote utabaki unakula ugali na chumvi. Sasa mchuzi bila kitunguu nani atakula? Mke wangu anakikata vipande vikubwa, anakaanga, harufu ikishaingia anavitoa vyote ndo anatia nyanya. Kinachonisumbua kinayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta hakitoki. Wageni wanasifia mchuzi, hawajui kitunguu kimeenda kwa kuku.

Bado linanikamata mara mojamoja, hasa mwisho wa mwezi, ila Flagyl sijagusa mwaka sasa. Juzi mjomba kapiga simu, kapata mizizi mipya kutoka Handeni. Nimemwambia aitunze, nikipata safari ya Iringa nitampelekea yule konda.