Kabla Hujampelekea Fundi Ile Sofa ya Mbao ya Nyumbani

Sofa za fremu ya mbao, zile zenye mikono mipana na mito ya mraba inayotoka, zimeanza kutafutwa tena hapa Nairobi. Wengi wakiipata ya wazazi, siku hiyo hiyo wanaipakia kwenye pikapu kwenda kwa mafundi wa Gikomba au Ngong Road, na inarudi inang'aa vanishi nzito, msasa umeila hadi kingo zote zimekuwa butu. Kwa maoni yangu sofa nyingi za zamani huuawa na mtu aliyetaka kuziokoa, si na uzee.

Anza kwa kuipindua. Chini ya kiti, mahali ambapo vanishi haikufika, kwangua kidogo kwa ncha ya kisu. Mvule hutoa rangi ya kahawia yenye dhahabu na ni mzito mkononi. Muhuru, ambao mafundi huuita Meru oki, una rangi iliyopauka zaidi na nyuzi zilizo wazi. Kamfa ukiukwangua huweza kutoa harufu hafifu ya dawa. Saiprasi ni mwepesi, wa manjano, wenye mafundo mengi. Ukikuta mti wa kiasili, tulia kabla ya kukubali mtu akubadilishie hata mguu mmoja. Ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku mwaka wa 1986, kwa hiyo mbao ya kufanana na hiyo si kitu cha kuingia yadi yoyote na kuchagua. Fundi asiyependa mvule naye ana sababu zake: ndani yake huwa na vipande vya chokaa vigumu kama jiwe vinavyoua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Avae barakoa, nawe pia ukiwa karibu.

Sasa kuyumba. Shika mikono yote miwili ya kiti ukisukume kulia na kushoto, uangalie ni kiungo kipi kinachofunguka. Sofa hizi zimeungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya mbao moja huingia kwenye tundu la nyingine, na kinachochoka ni gundi. Mbao huwa nzima. Dawa ya haraka ya mtaani ni kupiga msumari wa inchi tatu kupitia kiungo. Mkataze. Mbao hupanuka msimu wa mvua na kusinyaa Januari na Februari, lakini msumari haufuati, kwa hiyo ulimi hupasuka kwa ndani na mwaka unaofuata kiti kinayumba kuliko mwanzo, safari hii bila kiungo cha kurekebisha.

Njia iliyo sawa ni kukifungua kabisa. Andika namba kwa chaki pande zote mbili za kila kiungo, maana miguu inayoonekana sawa haibadilishani. Gonga kwa nyundo ya raba. Kikigoma, funga kitambaa kilicholowa maji ya moto kwa dakika chache. Gundi ya zamani ya ngozi hulainika kwa joto na maji. Kisha kwangua gundi yote hadi uone mbao. Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu gundi nyeupe haishiki juu ya gundi kuukuu. Inahitaji kunywewa na mbao. Ulimi ukiwa umelegea ndani ya tundu, ubandike kipande chembamba cha mbao ile ile, usijaze pengo kwa gundi na vumbi la msumeno.

Paka gundi ndani ya tundu na juu ya ulimi, unganisha, kisha zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli na uunyonge kwa kijiti hadi gundi ianze kuchuruzika. Futa mara moja kwa kitambaa chenye maji, maana gundi iliyokaukia juu huacha baka ambalo vanishi haiwezi kulificha. Kabla ya kuondoka pima pembe hadi pembe, mara mbili, kwa mshazari. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda na lazima uinyooshe sasa hivi. Iache saa 24. Baridi ya Julai, iache siku mbili, na ndani ya nyumba.

Kuhusu vanishi, usiguse msasa kabla ya kujua nini kipo juu. Lowesha pamba kwa spiriti, uiguse mahali palipofichika. Ikinata, hiyo ni shelaki, vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, na huenda ikatosha kuifufua kwa kuipaka tena bila kukwangua. Ikilainika kwa thina peke yake, ni laka. Isipolainika kwa yote mawili, ni vanishi ya mafuta. Ikibidi msasa, anza namba 120, umalize na 240, ukifuata nyuzi. Kabati za ukutani za chipubodi, ubao wa vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, ni hadithi nyingine: vinia yake, ile ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu, haifiki milimita moja, msasa wa mashine unaitoboa kwa sekunde. Na chipubodi iliyovimba kwa maji ya kupiga deki hairudi. Okoa vioo na vishikio, mengine yaache.

Ukiona vitundu vyenye unga mpya chini yake, bungua, mdudu anayetoboa mbao, bado yumo. Piga dawa ya mbao kwa sindano kwenye kila kitundu, funga kwa nailoni wiki mbili, usubiri uone kama unga unaanguka tena. Vanishi haiwaui walio ndani.

Mikanda ya kiti ndiyo hulegea mwanzo. Kiti cha inchi 21 kinataka mikanda sita ya raba ya inchi 2. Weka alama ya inchi 10 kwenye mkanda, uuvute hadi ifike 11, ndipo upigilie, ncha ikiwa imekunjwa na misumari mitatu kwa pembetatu. Misumari ikiwa kwenye mstari mmoja itaurarua mkanda. Sponji iwe hai densiti ya inchi 4, kubwa kuliko kifuniko kwa nusu inchi ili kitambaa kisikunjamane. Kwa seti ya watu watano, mito kumi, kitambaa cha upana wa inchi 54 kisicho na maua kitatumia mita 9. Cha mistari, nunua 10, la sivyo mistari haitalingana.

Na vile vitambaa vya kufuma vya kutandika kwenye mgongo na mikono ya sofa msivicheke. Mafuta ya nywele huingia kwenye kitambaa cha mgongo na hayatoki, na jasho la mikono hulainisha vanishi ya mkono wa kiti. Vioshe kwa maji ya baridi, uvianike kivulini vikiwa vimelazwa, kisha uvirudishe kazini.