Tairi la katambuga, nunua sumaku kabla ya kisu

Anayeanza kutengeneza katambuga, yaani ndala za tairi kuukuu, hukimbilia kisu. Aanze na sumaku, hata ya spika mbovu inatosha.

Matairi mengi ya gari ndogo hapa Arusha ni ya waya. Chini ya sehemu ya kukanyagia kuna tabaka za nyuzi za chuma zinazokula kisu, na soli ikishalika, ncha zake zinachomoza na kuchoma unyayo. Unalotaka ni la nailoni, lenye nyuzi za nailoni badala ya chuma. Soma ubavuni: 7.50-16 yenye kistari kwa kawaida ni nailoni, 7.50R16 ni rediali, yaani la waya, liache. Maandishi yakiwa yamefutika, pitisha sumaku kwa ndani, katikati. Usipime ukingoni, kwa sababu kila tairi lina ringi ya waya pale linapokaa kwenye rimu, na sumaku itanasa hata kwenye nailoni.

La bajaji, 4.00-8, nalo mara nyingi ni nailoni, ila duara lake ni dogo mno: soli inajikunja kama mtumbwi. La pikipiki usihangaike nalo. Lile la 7.50-16 lina mzunguko wa kama mita 2.5, kwa soli za sentimita 28 unapata vipande 8, yaani pea 4. Kipara ni kizuri zaidi kuliko lenye meno, maana ni jepesi na halibebi tope.

Toa mbavu kwanza, kisha ukanda wa kati. Kisu kifupi, chenye makali, kichovywe kwenye maji ya sabuni kila baada ya mikato michache. Mwenzako aukunje mpira ili mkato ufunguke; usipofunguka, mpira unabana kisu, nawe ukiongeza nguvu kinachomoka ghafla. Vidole vingi vimekatwa hivyo.

Tundu la mkanda lipige kwa patasi, sentimita 1 hivi kutoka ukingoni. Ukisogea nje zaidi litachanika. Liwe jembamba kidogo kuliko mkanda, ili uingie kwa kubanwa. Kisha msumari wa inchi 1 upigwe kutoka ubavuni mwa soli, upite katikati ya mkanda, uishie ndani ya mpira. Wanaopigilia kutoka juu hukuta kichwa cha msumari kinamsumbua mvaaji. Gundi peke yake haishiki.

Ringi za ukingoni watu huzichoma wapate waya wa kuuza skrepa. Moshi wake ni sumu, na bei ya waya huo ni ya kuchekesha. Mbavu zifunge kama uzito juu ya turubai.

Matairi yanayosubiri kukatwa yaweke chini ya paa, hasa masika. Mbu wa dengi hunatisha mayai kwenye ukuta wa ndani wa tairi, juu kidogo ya maji yaliyotuama, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukimwaga maji tu, mvua ijayo yanaanguliwa. Sugua ndani kwa brashi, au toboa ubavu wa chini maji yasituame.