Mkasi wa mwalimu na vidonge vya mama

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, mwalimu wetu wa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa na vyanzo vyake, aliingia darasani na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na makala tano za utafiti alizozichapisha kisha akazipitia na mkasi. Alikuwa amekata vichwa vya makala, amekata muhtasari, na kila mahali waandishi walipotaja jina la aina ya utafiti wao ameliondoa. Zilibaki aya za mbinu tu, zimejaa matundu kama shuka iliyoliwa na mende. "Niambieni kila moja ni utafiti wa aina gani," akasema, kisha akakaa pembeni kumimina chai yake.

Tulikuwa watu kumi na saba, wengi wetu maofisa tabibu na wauguzi tuliotoka kazini, watu wa kuingiza kanula, ile sindano ya dripu, gizani bila tatizo. Nikapata mbili kati ya tano.

Iliyonitia aibu zaidi ni hii. Mtafiti alikwenda kwenye kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu ya VVU, akatoa mafaili ya miaka ya nyuma, akachukua watu wote walioanza dawa mwaka fulani, akawagawa kwa CD4, kipimo cha kinga ya mwili, waliyoanza nayo. Kisha akasoma faili moja moja kuona nani alipata kifua kikuu katika miaka mitatu iliyofuata. Karibu darasa zima tuliandika "kesi na kontroli". Tulikuwa tumekariri tangu diploma kwamba kohoti, yaani kundi la watu linalofuatiliwa, inaangalia mbele; kesi na kontroli, yaani wagonjwa wakilinganishwa na wazima, inaangalia nyuma. Na huyu si amerudi nyuma kwenye mafaili yenye vumbi?

Mwalimu hakucheka. Alituuliza swali moja ambalo mpaka leo ndilo ninaloanza nalo nikishika makala yoyote: hawa watu wameingia kwenye utafiti kwa tiketi gani?

Ukiangalia vizuri, wale wa CTC hawakuingia kwa tiketi ya kifua kikuu. Waliingia kwa sababu walianza dawa mwaka ule, wakiwa hawajaugua, na ugonjwa ukaja baadaye kwa baadhi yao. Hiyo ni kohoti, hata kama mtafiti aliisoma hadithi yote ikiwa imeshakwisha. Tiketi ikiwa ni ugonjwa wenyewe, yaani umechukuliwa kwa sababu unaumwa na jirani yako amechukuliwa kwa sababu haumwi, hapo ndipo pana kesi na kontroli. Tiketi ikiwa ni kwamba tu ulikutwa nyumbani siku ile dodoso lilipopita, ukaulizwa kihatarishi (kinachodhaniwa kuleta ugonjwa) na ugonjwa wenyewe kwa mkupuo mmoja, huo ni utafiti wa mara moja, na usijaribu kuniambia kipi kilitangulia. Na kama mtafiti mwenyewe ndiye aliyegawa kitu, kidonge au chandarua au somo, tunazungumzia jaribio, na swali linalofuata ni kama aligawa kwa kura au kwa kuangalia sura za watu.

Waandishi wenyewe hukosea, tena mara nyingi kuliko unavyodhani. Nimesoma makala zilizoandikwa "kohoti" kwa herufi kubwa juu, ukifika kwenye mbinu unakuta watu walihojiwa siku moja wakaachwa. Ndiyo maana ya ule mkasi.

Siku hizi nikiwafundisha wadogo zangu kazini situmii mifano ya kwenye vitabu ya watu wa Ulaya na sigara zao. Natumia uvimbe wa taya wa watoto, saratani ya Burkitt, kwa sababu kwanza historia yake imepita hapa hapa kwetu kando ya Ziwa Victoria, na pili ni ugonjwa mmoja uliochunguzwa karibu kwa kila aina ya utafiti. Mimi ni wa Rorya, mkoani Mara. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwahi kumpokea mtoto wa miaka sita, taya limevimba mpaka meno yanacheza, bibi yake amemfunga kitambaa cheupe kama mtu anayeumwa jino. Sijamsahau.

Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Hakuelewa. Muda si mrefu akiwa Jinja akaona mtoto mwingine wa namna ile ile. Akaanza kufukua mafaili, na mwaka 1958 akachapisha maelezo ya watoto 38. Hapo tuna mfululizo wa visa, utafiti ambao wasomi wengi huudharau kwa sababu hauna mtu wa kulinganisha naye. Kweli, hauwezi kukuambia chanzo. Lakini bila mtu wa kusema "jamani, hiki nimekiona mara mbili", hao wengine wote wangeanzia wapi?

Kisha akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakaondoka Kampala kuelekea kusini, safari ya maili 10,000 hivi, wakiingia hospitali baada ya hospitali na picha za watoto wenye uvimbe: mmewahi kuona kitu kama hiki? Majibu waliyachora kwenye ramani. Ukatokea ukanda. Ugonjwa ulikuwepo kwenye joto na mvua, na ulipotea kwenye nyanda za juu zenye baridi. Watu wakaanza kuwaza mbu.

Hapa ndipo wanafunzi wangu huanza kufurahi mapema. Nawauliza: tiketi ya kuingia ilikuwa nini? Kimya. Hakuna mtu aliyeingia. Kilichoingia ni maeneo. Ramani inasema kwamba mahali penye joto pana ugonjwa. Haisemi kwamba mtoto aliyeugua ndiye aliyeng'atwa na mbu zaidi. Nyanda za juu na za chini zinatofautiana kwa chakula, maji, kilimo, mavazi, na mambo mengine mia. Ukichukua sifa ya wilaya ukamvisha mtu mmoja mmoja, umeanguka kwenye shimo ambalo hata watu wazima wenye vyeo huanguka. Safari hii ramani ilikuwa inaelekeza njia nzuri, kwani malaria kweli ina mkono wake. Lakini ramani haikuweza kujua hilo yenyewe.

Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, London, waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Ndicho tunachokiita leo Epstein-Barr. Tatizo ni kwamba kirusi hiki karibu kila mtoto wa Kiafrika anakipata akiwa mdogo. Ukimpima mtoto ambaye tayari ana uvimbe ukakuta kingamwili nyingi, utajuaje kama kirusi ndicho kilileta uvimbe au uvimbe ndio uliokuza kirusi? Kuku na yai.

Dawa yake ilikuwa ngumu na ya gharama: kuwapima watoto wakiwa wazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za Idi Amin, timu ilikwenda West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, ikachukua damu ya watoto wapatao 42,000, ikaigandisha, ikasubiri. Watoto elfu arobaini na mbili! Na ripoti yao ya kwanza kubwa, ya mwaka 1978, ilisimama juu ya wagonjwa 14 tu waliopatikana kati ya hao. Ndivyo kohoti ya ugonjwa adimu ilivyo, unavua ziwa zima kupata samaki wa ndoo moja. Damu za hao waliougua, zilizotolewa kabla ya kuugua, zililinganishwa na za watoto wenzao wa kohoti hiyo hiyo waliobaki wazima. Waliougua walikuwa na kingamwili za kirusi nyingi zaidi tangu zamani. Swali la kuku na yai likapata jibu.

Sasa huo ni utafiti wa aina gani? Nikiuliza hivi nusu ya chumba husema kohoti, nusu kesi na kontroli, wanaanza kubishana kama Simba na Yanga. Wote wako sawa. Ni kesi na kontroli iliyofanyika ndani ya tumbo la kohoti, na faida yake ni kwamba kontroli hawakuokotwa barabarani. Wametoka kwenye bahari ile ile walikotoka wagonjwa.

Hilo la kontroli kuokotwa naomba nilisimulie, maana liligharimu miezi mitatu ya maisha yangu. Tasnifu yangu ilikuwa kuhusu malaria kali kwa watoto na matumizi ya chandarua, katika hospitali moja ya mkoa. Kesi nilizipata wodi ya watoto. Kontroli, kwa uvivu wa kutembea, nilizichukua wodi ya upasuaji iliyokuwa mlango wa pili: watoto waliovunjika mikono. Matokeo yalikuwa matamu. Chandarua kilionekana kinakinga kuliko hata chanjo. Nikampelekea mwalimu (yule yule wa mkasi) nikitarajia pongezi.

Akaniuliza, "Hawa waliovunjika mkono, wangepata malaria kali, wangeletwa hospitali hii?"

Nikasema ndiyo bila kufikiri. Akaniambia nirudi kwenye dodoso nisome anwani. Wagonjwa wangu wa malaria walikuwa wamepewa rufaa kutoka vijijini, wengine wamebebwa na bodaboda saa tatu nzima. Wa mikono walikuwa watoto wa mjini pale pale walioanguka kwenye miembe, na watoto wa kijijini waliovunjika mkono walitibiwa na mganga wa viungo huko huko. Nilikuwa nimelinganisha mji na kijiji nikadhani ninalinganisha chandarua na kukosa chandarua. Na kutoka kwenye jedwali kama langu huwezi hata kusema asilimia ngapi ya watoto wanaugua, kwa sababu idadi ya wagonjwa na wazima umeipanga mwenyewe mezani.

Nikaanza upya, kontroli wakiwa watoto wa majirani wa wagonjwa, kijiji kile kile, umri ule ule. Nauli ya bodaboda nililipa mwenyewe. Huko ndiko nilikojifunza jambo la pili: ukivaa koti jeupe ukauliza "mtoto analala kwenye chandarua?", kila mama atajibu "ndiyo, daktari". Nikaanza kuomba kukiona. Vingine vilikuwa uani, vimetandazwa juu yake dagaa. Mama ambaye mtoto wake ametoka kuponea chupuchupu naye anakumbuka kila usiku wa mwezi uliopita, wakati mama wa mtoto mzima hakumbuki hata jana. Hakuna hesabu itakayokusafishia hilo baadaye.

Nirudi kwenye Burkitt, maana sehemu iliyobaki inatuhusu sisi. Kama malaria ni mshirika wa ugonjwa huu, basi punguza malaria uone. Kuanzia 1977 hadi 1982, huko Mara Kaskazini, kwetu, watoto wote wa chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini, dawa ya malaria, kila baada ya wiki mbili. Malaria ilishuka mwanzoni, kisha ikaanza kupanda tena dawa ikiendelea kutolewa, kwani vimelea walikuwa wameanza kuizoea. Uvimbe wa taya nao ulipungua, na baada ya ugawaji kukoma ukapanda. Ungesema shauri limekwisha. Lakini wagonjwa hao walikuwa wakiandikwa kwenye daftari tangu miaka ya 1960, na daftari lilionyesha kuwa ugonjwa ulianza kupungua kabla kidonge cha kwanza hakijagawiwa. Watafiti wenyewe waliliandika hilo wazi, nami nawaheshimu kwa hilo. Hakukuwa na kura ya nani apewe dawa na nani asipewe. Ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, na kati ya kabla na baada dunia haisimami kukusubiri.

Mama yangu alizaliwa 1973, kijiji cha chini karibu na ziwa. Siku nilipounganisha miaka hiyo kichwani nilimpigia simu usiku ule ule. Unakumbuka mkigawiwa vidonge mkiwa wadogo?

"Vile vichungu? Nani atavisahau! Ukishameza mwili unawasha kutwa."

Nikamweleza kila kitu: uvimbe wa taya, damu ya Waganda kwenye barafu, daftari, kwamba alikuwa ndani ya utafiti ambao mwanawe anaufundisha leo. Alisikiliza kwa utulivu, nasikia tu kijiko kikigonga kikombe.

"Kwa hiyo, nyara," akasema, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "walituandika sisi kwamba tumemeza?"

"Ndiyo mama. Watoto wote mligawiwa."

"Kugawiwa tuligawiwa," akasema. "Mimi changu nilikuwa nakibana chini ya ulimi. Nikifika kwenye michongoma ya kwa babu yako, natema."