Damu ya ini inapobanwa

Damu ya utumbo hupita kwanza kwenye ini, kupitia mshipa mkubwa uitwao vena ya mlango, unaoliletea ini takribani robo tatu ya damu yake. Ndiyo maana saratani ya utumbo mpana hupenda kuweka makao humo. Nilimweleza hivyo shangazi, anayesubiri kukatwa sehemu ya ini yenye saratani hiyo, pale Kibirizi, Kigoma, akichambua dagaa, anatupa kokoto pembeni bila hata kuangalia. Akauliza, "Sasa wakilikata ini, damu si itaniishia?"

Madaktari huibana mishipa inayoingia kwenye ini kwa utepe, mara nyingi dakika 10 hadi 15, kisha huachia na kubana tena. Njia hiyo daktari mpasuaji Pringle aliieleza mwaka 1908, na imeokoa wengi. Lakini kwa panya imeonekana kwamba damu ikikatizwa kisha ikarudi, vijiuvimbe vya saratani vilivyojificha kwenye ini hukua haraka, hasa kandokando ya sehemu zilizokufa kwa kukosa oksijeni. Hilo linanikosesha usingizi. Kwa wagonjwa, tafiti hazijathibitisha kuwa kubana kunarudisha saratani, na kuvuja damu nyingi nako ni hatari. Mimi naona operesheni ifanyike. Ila daktari nitamuuliza: mtabana kwa muda gani, na je, inawezekana kutobana kabisa?