Baruku na meza ya karibu na mlango

Wapendwa, Bwana asifiwe. Somo la juma hili ni Yeremia 36, kisha mruke mpaka sura ya 45, ile fupi yenye aya tano tu. Nimelichagua nikiwa na kidonda, heri niseme mapema.

Jumamosi iliyopita niliketi katika duka moja la vitabu hapa mjini kusaini kitabu changu. Wengi wenu mnakijua: ni kile cha mamangu na miaka yake ya kuuza mahamri pale Likoni, kwenye feri. Sina mchapishaji. Nimejilipia kila kitu, kuanzia mhariri hadi jalada, nakala 300, na kila moja ilinitoka shilingi 310 kabla hata haijapakiwa basi kutoka Nairobi. Dukani inauzwa 700, na duka linakata asilimia 35. Fanyeni hesabu mtaona kinachobaki. Mimi nilishinda nayo kichwani siku nzima.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Nilipoteremka kwenye tuktuk nikaona msururu umetoka nje ya mlango hadi kando ya barabara, na mimi nilivyo mjinga, moyo ukaruka. Kumbe kila mtu ameshika orodha ya shule. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, baina ya madaftari na karatasi za kufunikia vitabu, kwa hiyo kazi yangu kubwa asubuhi ile ikawa kuelekeza. "Dada, vya Gredi ya Nne viko wapi?" "Mama, hizi karatasi mwauza kwa mita?" Kwenye grupu ya kwaya, waliobonyeza kidole gumba walikuwa arobaini na kitu. Waliokuja ni wanne. (Siwataji. Na mmoja wao alikuja kwa sababu mwanawe alihitaji seti ya jometri.)

Wa pili kununua alikuwa mama mtu mzima, akanitajia jina lake polepole. Mkono ulikuwa ukinitetemeka kwa furaha, nikaweka i mahali pa e. Alisema si neno, lakini nilimwona alivyoliangalia lile jina. Nikamwandikia nakala nyingine. Ile iliyoharibika nikaisukuma ndani ya mfuko chini ya meza, kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Sasa mtazameni Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa nabii Yeremia. Yeremia anatamka, yeye anaandika kwa wino, neno kwa neno. Yeremia amezuiwa kuingia nyumba ya Bwana, basi hata kusoma mbele ya watu anakwenda Baruku. Wakuu wanashtuka, wanamwambia nenda ukajifiche, wewe na Yeremia. Gombo linafikishwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ni mwezi wa tisa, kipindi cha baridi, na mfalme ameketi mbele ya makaa. Kila Yehudi, yule aliyetumwa kulileta gombo, akisha kusoma safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo lote likaisha. Kisu cha mwandishi, wapendwa! Chombo cha ufundi wa Baruku mwenyewe.

Miaka yote nilidhani sura ya 45 ni pole aliyopewa baada ya moto. Isomeni vizuri aya ya kwanza. Neno lile lilimjia mwaka wa nne wa Yehoyakimu, wakati anaandika. Moto ulikuja mwaka wa tano. Maana yake aliambiwa "Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute" wino ukiwa bado mbichi, wakati ingali yawezekana kuota kwamba mfalme atasikia, atatubu, na mtu atauliza, hivi ni nani aliyeandika? Na alikuwa ameshachoka hata kabla. Aya ya tatu yasema anaugua wala haoni raha.

Wapo watakaoigeuza aya hii kuwa fimbo, waseme mwandishi Mkristo hapaswi kutaka kuuza. Sikubali. Mungu yule yule alimwagiza Yeremia atwae gombo lingine, na gombo haliokotwi njiani. Maneno yaliandikwa upya, tena yakaongezwa mengine mengi. Baruku aliachiwa kalamu yake. Alichoambiwa akiache mimi nakijua, kwa kuwa kilikuwa kimeketi nami pale mezani, kikihesabu vichwa.

Sisi wa Mombasa tuna Baruku wetu pia. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alifika hapa mwaka 1844, na Julai ya mwaka uo huo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao ng'ambo, upande wa bara. Akabaki akiyaokota maneno ya Kiswahili moja moja. Kamusi yake ilitoka 1882. Yeye alifariki Novemba 1881. Hakusaini hata nakala moja.

Ilipokaribia saa sita, mtoto wa kiume wa miaka kama kumi aliketi juu ya boksi la madaftari kando yangu, mamake akiwa bado kwenye msururu. Hakuomba ruhusa. Alichukua kitabu juu ya rundo akaanza kusoma, midomo ikisogea. Alifika ukurasa wa 19, pale mamangu anaporudi nyumbani na beseni limejaa, mvua imeua biashara, na sisi tunakula mahamri asubuhi, mchana na usiku.

"Anti, kwani hamkuchoka?"

"Tulichoka."

"Mimi singechoka."

Mamake akaja na mifuko miwili na risiti ndefu kama mkono. "Haya baba, twende. Feri itajaa." Akamwona alivyokishika kile kitabu, akaangalia bei nyuma, akaniambia kwa adabu, "Siku nyingine, inshallah."

Nikajibu, "Haidhuru, mamangu."

Mia tatu na kumi, ndivyo kichwa changu kilivyokuwa kikisema. Mtoto akakunja pembe ya ukurasa, akakirudisha juu ya rundo, akazinyoosha kingo zilingane. Walipokwisha kuvuka barabara ndipo nilipoukumbuka mfuko chini ya meza. Nakala nisiyoweza kumuuzia mtu yeyote ilikuwa ikinigusa mguu muda wote huo.

Niliuza saba. Meneja alinifariji kwamba ni nyingi kwa siku kama ile, na nadhani alisema kweli.

Ijumaa tukutane Tudor kama kawaida, saa kumi na moja jioni. Someni sura zote mbili kabla ya kuja, maana nataka kusikia mnavyomwona Baruku. Na wale mnaovuka feri kila siku: ni mtoto mwembamba, ana jezi nyekundu iliyompwaya, ana pengo upande wa kulia, na akisoma midomo inasogea. Mkimwona, niambieni. Kitabu chake kiko kwangu, ile nakala yenye kunjo, si ile yenye jina la mtu.