Stelingi Anayesikia Maumivu

Tangu nirudi Tanga naulizwa habari za baridi, za pauni, na kama ni kweli Mzungu anaweza kukaa na jirani mwaka mzima bila kumpa hata salamu. Najibu, tunacheka, maisha yanaendelea. Lakini nilipomaliza kuzungushwa kwa mashangazi, matembezi yangu ya kwanza peke yangu yalikuwa ya kwenda Ngamiani kutafuta kibanda umiza chetu, banda la kuonyeshea video. Mabenchi ya mbao, deki iliyokuwa ikitafuna kanda, kitenge mlangoni ili mwanga usiingie. Sasa pale wanabeti mpira. Sawa, mji haukuwa na sababu ya kunisubiri mimi.

Nikabaki na wapwa zangu wawili, ambao kung fu wanaijua kwa vipande vifupi vya kwenye simu. Nikawaambia Jumamosi tunaangalia muvi nzima, Drunken Master ya Jackie Chan, ya mwaka 1978. "Anko, hiyo si hata mama alikuwa hajazaliwa?" Mkubwa alianza kulalamika mapema: picha imefifia, mlio wa ngumi hauendani na ngumi yenyewe. Mdogo alikaa kimya mpaka stelingi, yaani mhusika mkuu, alipotundikwa miguu juu.

Kama hujaiona, kijana ananing'inia kichwa chini kwenye fremu ya mbao. Maji yako chini, chombo kitupu kiko juu, na mkononi amepewa vikombe vidogo kabisa. Achote, ajikunje mpaka juu, amwage, ashuke tena. Anahangaika, tumbo linatetemeka, anatukana kimoyomoyo, na mwalimu wake, mzee mlevi mwenye pua nyekundu, wala hana habari naye. Mpwa wangu alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kochi. Ilikuwa kwa Kikanton, sikuiweka tafsiri makusudi, na hakuna aliyeuliza wanasema nini.

Sisi wa rika langu tulianza na Bruce Lee, na kwa Bruce Lee sitaki utani. Ila ukimwangalia vizuri, yule mtu haumii kama sisi. Akichubuliwa kifua anaonja damu yake, halafu ole wako. Alipofariki Julai 1973, Hong Kong ilihangaika kutafuta mrithi, na Jackie Chan ni mmoja wa waliojaribishwa. Mwaka 1976 alipewa New Fist of Fury, amekunja uso, analipiza kisasi, na watu hawakuja. Mambo yaligeuka mwaka 1978 alipoazimwa na kampuni ndogo ya Ng See-yuen na kukabidhiwa kwa Yuen Woo-ping, muongozaji wa hii Drunken Master, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza (ndiye huyo huyo aliyekuja kupanga mapigano ya The Matrix mwaka 1999). Hapo akaruhusiwa kuwa binadamu. Akipiga kitu kigumu anapuliza vidole. Akiwa na njaa anaingia mgahawani kula bila senti mfukoni. Vichekesho vya kung fu vilikuwapo kabla yake, muongozaji Lau Kar-leung alishatoa The Spiritual Boxer mwaka 1975, lakini huyu ndiye aliyeufikisha utani huo mpaka kwenye vibanda vyetu.

Kuna utani mwingine ndani ya Drunken Master ambao pale kibandani ulitupita sote. Yule kijana mtukutu anaitwa Wong Fei-hung, na Wong Fei-hung alikuwa mtu kweli, mganga na mwalimu wa kung fu wa Guangdong. Tangu mwaka 1949 mwigizaji Kwan Tak-hing alikuwa amemwigiza kwenye filamu kwa makumi, siku zote mzee wa heshima na mawaidha. Sasa anakuja Jackie anamwonyesha akiwa mvivu, mgomvi, anatoroka mazoezi. Ni kama mtu atoe muvi ya sheikh mkubwa wa mji akiwa mtoto, anaiba maembe ya msikiti. Hebu fikiria ukumbi ulivyocheka.

Ule wepesi wa mwili nao haukutoka hewani. Jackie na waigizaji wenzake, Sammo Hung na Yuen Biao, walilelewa katika shule moja ya opera ya Kipekini pale Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen, na fimbo zilikuwa sehemu ya somo. Kwa hiyo mateso ya mwanafunzi unayoyacheka kwenye skrini waliyajua utotoni. Nadhani ndiyo maana hayachoshi. Kamera nayo inakaa mbali kiasi cha kukuonyesha mtu mzima, kichwa hadi mguu, mapigo mengi mfululizo bila kukatwa. Muvi nyingi za siku hizi zinakata kila ngumi, huoni nani kampiga nani.

Shemeji alipoingia akataka iliyotafsiriwa. Tulibishana. Yeye anasema bila mtu wa kuchombeza si kibanda, na anamtaja Lufufu, yule mtafsiri wa muvi za vibandani, na kwa Lufufu sina ubishi, alikuwa anaweza kukuuzia muvi mbovu kwa mdomo wake tu. Muvi za bunduki, mwache mtafsiri aongee. Lakini hizi zina mapigo yake kama ngoma: pigo, kimya kidogo, halafu uso wa aliyepigwa. Mtafsiri akijaza kile kimya, kicheko kimekufa.

Mwishoni, adui ni Hwang Jang-lee, Mkorea mwenye mateke ya kutisha. Kijana amefundishwa mitindo ya walevi wanane, ila wa nane, wa mwanamke, hakuufanyia mazoezi, aliona aibu. Ndiyo huo huo unaohitajika. Inabidi autunge palepale, anajipodoa hewani, anakata kiuno huku anapiga. Mpwa mkubwa, yule mlalamikaji, alikuwa amesimama. Adui akaanguka, muvi ikakata hapohapo, hakuna kuagana wala kumbusu mtu. "Imeisha?" Imeisha.

Jumamosi ijayo ni Project A ya 1983, ile ambayo Jackie anadondoka kweli kutoka mnara wa saa, anapasua turubai, anatua chini vibaya. Dada ameshasema meza ya kioo itoke sebuleni kwanza.